Kupogoa kihamba Januari, watoto kabla hawajarudi mjini

Krismasi ikifika, kwetu Kibosho, mlimani Kilimanjaro, hakuna nyumba yenye kitanda kitupu. Wanangu watatu hupanda na wenzi wao na wajukuu, mbuzi anachinjwa, kisusio kinapikwa, na Mwaka Mpya ukishapita tu kila mtu ameanza kuulizia nafasi kwenye basi. Tangu baba yao afariki nimewawekea sharti moja: hakuna anayeteremka Moshi mjini kabla ya tarehe 5. Tarehe 3 na 4 ni za kupogoa.

Kihamba changu, yaani shamba linalozunguka nyumba, hakifiki ekari moja na nusu. Kina mibuni mia mbili na kidogo, migomba sijawahi kuihesabu, miparachichi minne na miti ya kivuli ya toka enzi za baba mkwe. Kwa mikono yangu peke yangu, na magoti niliyo nayo sasa, kazi hiyo ingenila mwezi mzima. Kwa mikono ya familia ni siku mbili. Lakini mikono mingi nayo inaweza kuharibu kihamba kwa asubuhi moja, na nalisema hilo kwa sababu lilinipata.

Mwaka wa kwanza niliwagawia mapanga na mikasi, nikaingia jikoni kupika. Mkwe wangu, aliyemuoa binti yangu mkubwa, amekulia kando ya ziwa Mwanza na mbuni alikuwa hajawahi kuugusa. Ni mtu wa kazi. Aliona mibuni imesongamana, akaisafisha: matawi yote ya chini na ya katikati akayakata mpaka kwenye shina, akaacha vishungi juu, kila mti umekuwa kama mwavuli. Nilipotoka na sufuria ya chai alikuwa amemaliza kumi na saba. Akafuta jasho, akaniambia, "Mama, sasa hewa inapita." Nikamwambia ahsante baba, kaa unywe chai. Nilikwenda kulia nyuma ya zizi.

Tawi la ubavuni la mbuni likishakatwa kwenye shina halioti tena mahali pale. Linatoka mara moja tu. Kinachoota badala yake ni chipukizi linalosimama wima, na hilo ni shina jipya, litakulia muda wake mpaka lizae. Ile mibuni kumi na saba ilinipa kahawa ya kujaza kikombe, na ilibidi niilee upya kuanzia chini. Kosa halikuwa la mkwe. Mimi ndiye niliyejua, na nilimpa chuma kabla sijampa macho. Tangu hapo nimebadilisha mpango wote, na huo ndio ninaotaka kukueleza.

Kwa nini Januari

Huku mlimani kahawa tunachuma kuanzia Julai hivi mpaka Desemba. Januari mti umeshushwa mzigo wote, unaonekana vizuri ulivyo, na jua ni kali: kidonda cha msumeno kinakauka. Masika inaanza Machi. Ukikata sasa, mvua ikifika mti una nguvu zote za kusukuma matawi uliyoyaacha. Ukikata Aprili kwenye tope, vidonda vinakaa na maji, na wewe mwenyewe unateleza na panga mkononi. Kwa hiyo Januari na Februari ndiyo miezi yenyewe, na kwa bahati ndiyo wakati watoto wapo.

Kama vuli ilinyesha vizuri utakuta baadhi ya matawi yana macho ya maua, vitu vidogo kama ncha za mishumaa vimebanana kwenye pingili. Tawi lenye hayo liache, hata kama limekaa vibaya. Litaondoka mwaka ujao.

Siku moja kabla: zunguka peke yako

Tarehe 2 mchana, wao wakiwa wamelala au wamekwenda kusalimia ukoo, mimi nachukua kanga mbili zilizochakaa, moja nyekundu na moja nyeupe, nazichana vipande vyembamba. Nyekundu maana yake kata hapa. Nyeupe maana yake usiguse, hata ukiliona baya.

Siwezi kufunga kila tawi kwenye mibuni mia mbili. Nafunga mstari wa kwanza wote, mibuni kama kumi na mbili, ili iwe darasa. Kwenye mibuni mingine natia alama kwenye mambo mawili tu: shina zee la kuondoka, nyekundu, na chipukizi nililolichagua kushika nafasi yake, nyeupe. Makosa ya hapo ndiyo yanayogharimu miaka. Tawi dogo likikatwa kimakosa, mti husamehe.

Ukiwa unazunguka angalia na udongo chini ya kila shina. Ukiona unga wa mbao mweupe umemwagika pale, ndani mna bungua, mdudu anayetoboa shina. Natia kitambaa cha rangi yoyote ile tofauti na hizo mbili, na kesho yake kijana mmoja anapita na kipande cha waya kuchokonoa tundu mpaka amfikie. Shina lililotobolewa sana huondoka na kuchomwa moto.

Vyombo

Mikasi ya kupogolea miwili, msumeno mdogo uliopinda kama mundu, panga moja la migomba, ngazi, tupa, ndoo ya jiki. Si zaidi. Mikasi mingi inamaanisha watu wengi wanaokata, na mimi nataka watu wawili tu wanaokata kwa wakati mmoja, wengine wote wana kazi nyingine.

Noa usiku wa kuamkia. Mwanangu wa kiume ananoa kwa tupa, upande mmoja tu wa ule mdomo uliochongwa, kisha anajaribu kwenye karatasi. Mkasi butu hausemi uongo: unatafuna gome badala ya kulikata, na gome lililotafunwa ndiyo njia ya ugonjwa. Jiki nachanganya sehemu moja kwa sehemu tano za maji. Kila ukitoka kwenye mti uliouonea shaka, chovya. Jioni suuza vyuma vyote na upake mafuta, hata ya kupikia, maana jiki inakula chuma.

Nani afanye nini

Hapa ndipo watu wengi hukosea, wanapanga kwa umri au kwa nguvu. Mimi napanga kwa subira. Mke wa mwanangu ni mhasibu huko Dar, na ndiye mkataji bora niliye naye. Anauzunguka mti mara mbili kabla ya kufungua mkasi. Mwanangu mwenyewe ana nguvu lakini ana haraka, kwa hiyo ana msumeno, na anaingia pale tu penye kitambaa chekundu kwenye shina. Mkwe wangu wa Mwanza siku hizi ndiye anayekata pamoja na mke wa mwanangu. Nilimrudisha mkasini mwaka uliofuata, kwa makusudi, na nikamweka kwenye ile ile mibuni kumi na saba. Aliifanya kwa uangalifu kiasi kwamba nilimwambia aongeze kasi kidogo.

Wajukuu hawashiki chuma. Wana vidole, na vidole vinatosha kung'oa machipukizi machanga. Nimewapa kanuni wanayoikumbuka: kinachosimama wima king'oe, kinacholala ubavuni kiache, chenye kitambaa cheupe mpigie bibi saluti upite. Chipukizi lenye urefu wa kidole linang'oka likavunjika kwenye kitako chake, na likitoka hivyo halirudi haraka. Ukilingoja liwe na urefu wa mkono na ulikate kwa mkasi, linarudi na wenzake watatu. Kwa kazi hii mtoto wa miaka minane ana faida kuliko mimi, anaingia chini ya mti bila kuinama.

Kazi nyingine ya watoto ni kuokota na kupukuta buni nyeusi zilizokaukia mtini na zilizoanguka. Humo ndimo mdudu mtoboa buni anamolala kungoja msimu, na zile zenye chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni, ndizo zinazoueneza mvua ikizirukia. Zinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko, jioni zinachomwa. Usiache zikamwagwe kwenye samadi.

Binti yangu mkubwa anabeba na kupanga matawi. Kitinda mimba ana ngazi: kuishika, si kuipanda. Kihamba chetu kina mteremko, na ngazi isiyoshikwa kwenye mteremko ni jeneza. Nalisema kwa ukali hivyo hivyo kila mwaka.

Mbuni mmoja, polepole

Saa moja asubuhi, umande ukianza kuisha, nawakusanya wote kwenye mbuni wa kwanza wa mstari. Hakuna anayekata. Naufanya mmoja mwenyewe wakiangalia, na nazungumza kwa sauti kila ninachofikiri. Inachukua karibu nusu saa. Mwaka mmoja nilijaribu kufupisha na nikajuta.

Kwanza tunasimama mbali, hatua nne. Nawauliza: mashina mangapi? Mbuni wa kwetu uwe na mashina mawili au matatu, si zaidi. Huu una manne. La nne limejipenyeza katikati, jembamba, linatafuta jua. Hilo linaondoka, ndilo lenye kitambaa chekundu.

Kisha tunasogea, nashika tawi moja la ubavuni, nampa mtu mkono wake alipapase kuanzia shinani kwenda nje. Karibu na shina ni la kijivu, kavu, halina majani, lina makovu: hapo palikwishazaa na hapatazaa tena. Katikati limeanza kuwa la kahawia, lina majani mazito mawili mawili: hapo ndipo kahawa ya mwaka huu itakapokaa. Nchani ni kijani, laini, linakunjika: hiyo ni kahawa ya mwaka kesho. Mbuni huzaa kwenye sehemu iliyoota msimu uliopita. Mtu akishalipapasa tawi hivyo kwa vidole vyake, huna haja ya kumpa kanuni nyingi. Ataona mwenyewe kwamba tawi lililokuwa la kijivu lote mpaka ncha, na majani mawili mwishoni, limemaliza kazi. Na ataona kwamba kukata ncha za kijani ili mti uwe mviringo wa kupendeza ni kutupa mavuno ya mwaka kesho.

Baada ya hapo tunaondoa kwa utaratibu huu. Vilivyokufa na vilivyovunjika. Matawi ya chini yanayogusa ardhi, maana mvua inayarushia udongo. Vijitawi vinavyoota juu ya tawi la ubavuni karibu na shina, vile vya ndani, upana wa kiganja kutoka shinani: vinakaa gizani, havizai, na vinafanya unyevu ukae humo. Chulebuni na kutu ya majani vinapenda huo unyevu. Mibuni yangu mingi ni ya aina ya zamani iitwayo N39, inayoshikwa na chulebuni upesi, kwa hiyo kuifungulia hewa ndiyo nusu ya dawa yangu. Mkwe wangu hakukosea aliposema hewa ipite. Hewa ipite katikati, kwenye kifua cha mti, mbavu zibaki.

Halafu matawi yanayorudi ndani na yanayosuguana. Kati ya mawili yanayosuguana acha lenye sehemu ndefu ya kahawia.

Kata karibu na kitako cha kijitawi bila kuacha kijiti na bila kuchubua gome la lile unaloliacha. Kijiti kinachobaki kinaoza na kuingiza kuoza ndani.

Mwisho rudi hatua nne. Angalia chini, siyo juu. Kama jua linaanguka ardhini madoa madoa, kama sarafu zimemwagwa, simama hapo. Kama kivuli ni kizito, bado. Kama jua limejaa tu, umezidisha. Na ukifika theluthi moja ya mti iko chini, weka mkasi mfukoni hata kama kuna kazi imebaki.

Nikimaliza huo, wa pili anaufanya mke wa mwanangu, sisi tukiangalia. Wa tatu mkwe. Yeyote anaruhusiwa kuuliza, "Mama, na hili?" na lazima nijibu kwa sababu, si kwa "likate tu." Nikikosa sababu, tawi linabaki.

Shina zee

Shina lililozaa miaka sita au saba limepanda juu, linazaa kileleni tu, na mchumaji analipinda mpaka linalia. Hilo linabadilishwa, lakini siyo siku moja. Mwaka mmoja kabla unachagua chipukizi moja zuri chini, lililoota upande wa nje, futi moja hivi kutoka ardhini, unalifunga kitambaa cheupe na kuliacha likue. Likishakuwa na matawi yake ndipo msumeno unaingia, juu kidogo ya lilipoota. Kata kwa mshazari, upande wa chini wa mshazari uelekee mbali na chipukizi, maji ya mvua yasimwagikie mtoto. Mimi nabadilisha shina moja kwa kila mbuni kwa mwaka, na si mibuni yote. Atakayekata mashina yote kwa mpigo atakaa bila kahawa miaka miwili, na ada za shule hazingoji.

Kwa mbuni uliochoka kabisa sipotezi nguvu. Nang'oa na kupanda miche ya vikonyo kutoka Lyamungo, kwenye kituo cha TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, aina zinazovumilia chulebuni na kutu. Nina thelathini za hizo sasa. Nazo zinapogolewa vile vile, ila zina haraka ya kukua, hivyo machipukizi yake yang'olewe mara kwa mara zaidi.

Migomba, alasiri

Mkishakula mchana, mbuni muupumzishe, macho yamechoka. Migomba inataka nguvu zaidi kuliko macho.

Vaeni nguo mbaya. Utomvu wa mgomba ukikauka kwenye shati hautoki kwa sabuni yoyote, na kila mwaka kuna mtu wa mjini anayenisikia akiwa amekwishachelewa.

Majani makavu yanakatwa kwa kupandisha panga kutoka chini kwenda juu, karibu na shina, ili jani lisianguke na kuchana ngozi ya mgomba. Kabla hujakata inua jani utazame chini yake, nyigu hujenga humo. Kisha angalia shina lote lilivyo familia: mama mwenye mkungu au anayekaribia, mtoto aliyefika kiunoni au begani, na mjukuu mdogo. Watatu. Waliobaki wanaondoka. Mtoto wa kumwacha ni yule mwenye majani membamba kama upanga na kitako kipana. Mwenye majani mapana angali mfupi anavutia, lakini hana mzizi wa maana, hatakupa mkungu. Wachague wote waelekee upande mmoja, mimi ninaelekeza upande wa juu wa mteremko, ili baada ya miaka migomba isije ikavamia mibuni.

Mtoto asiyetakiwa, kumkata kwa juu haitoshi, wiki ijayo amerudi. Chimba kwa mtaimbo, mtoe na jicho lake. Panga na mtaimbo vichovywe kwenye jiki kila mnapohama shina, hata kama migomba yote inaonekana mizima, kwa sababu mnyauko unasafiri na chuma.

Mashina na majani mabichi yanakwenda kwa ng'ombe. Yanakatwa vipande vidogo kwanza. Hii ni kazi ya mtu aliyechoka, anakaa kwenye kigoda na kukatakata.

Miparachichi na miti ya kivuli

Parachichi tunaligusa kidogo. Ondoa yaliyokufa, fimbo zinazochomoza wima katikati, na tawi moja kubwa kwa mwaka kama mti umekuwa mrefu usiofikika. Usiufungue sana: gome la mparachichi lililozoea kivuli likipigwa jua ghafla linaungua na kupasuka. Pakibaki wazi, wajukuu wanapaka chokaa iliyokorogwa na maji. Hiyo wanaipenda kuliko kazi zote.

Tawi kubwa lina mikato mitatu, na hapa naomba usiwe na haraka. Mkato wa kwanza unatoka chini ya tawi, mkono mmoja kutoka shinani, uingie theluthi tu. Wa pili unatoka juu, vidole vinne nje ya ule wa kwanza, mpaka tawi lidondoke kwa uzito wake. Limedondoka safi, halijachana gome la shina, kwa sababu mkato wa chini umelizuia. Wa tatu ni wa kuondoa kisiki kilichobaki, na unapita nje kidogo ya ule uvimbe, ile shingo tawi linapoungana na shina. Shingo ibaki, ndiyo inayofunga kidonda. Tuliwahi kukata tawi kwa mkato mmoja wa juu, likaanguka na utepe wa gome urefu wa mita nzima. Mti ule una kovu mpaka leo.

Mringaringa, mruka na mgrivelia sipandishi mtoto wangu. Kuna fundi wa kijijini anayepanda kwa kamba, nampa hela yake na chakula, naye anapunguza matawi ya chini ili mibuni ipate mwanga wa kutosha bila kukosa kivuli. Na ikiwa unataka kuukata mti wenyewe, siyo tawi, pita kwanza ofisi ya kijiji hata kama mti ni wako.

Chakula cha siku hizo

Siku ya kupogoa hakuna anayebaki jikoni asubuhi nzima, kwa sababu kosa langu lilianzia huko. Maharage nachemsha usiku. Alfajiri naweka kiburu, ndizi na hayo maharage, jikoni na kuni nzito chache, kinajiiva polepole, na anayepita kuchukua maji anachungulia. Saa nne ni chai na mihogo, shambani, mkiwa mmekaa chini ya mti mlioumaliza. Chai hiyo nakunywa nikiwa nautazama mti, na mara nyingi ndipo ninapoona tawi tulilolisahau. Mbege inasubiri jioni. Mwenye mkasi hanywi kabla ya mkasi kusuuzwa.

Yanayobaki chini

Matawi manene ya mbuni ni kuni nzuri, yanakauka upesi na hayana moshi mwingi. Vijiti vyembamba tunavipanga kwa kukingama mteremko, mstari kati ya safu mbili za mibuni, vinazuia udongo masika ikishuka. Kitu kimoja chungeni sana: hakuna hata jani moja kuingia kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji. Mfereji ule unakwenda kwa jirani wa chini na kwa jirani wa chini yake. Mwaka fulani matawi yetu yaliziba, maji yakamwagikia kwenye nyanya za jirani, na ilinibidi nivunje jani la isale, ambalo kwetu ni ishara ya kuomba radhi, kwenye mpaka na kwenda kwake mwenyewe kuomba msamaha. Alipokea, tukanywa chai. Sasa kabla ya kufunga siku ya pili, kitinda mimba anatembea na mfongo wote, kutoka juu mpaka kwa jirani, akitoa kila kitu kwa mkono.

Wakishaondoka

Tarehe 5 wanateremka na mikungu yao na maparachichi kwenye mabegi. Kazi haijaisha. Mvua za Machi zikianza, kila kidonda kinatoa machipukizi, wakati mwingine kumi kwenye kisiki kimoja. Kila wiki ya kwanza ya mwezi, mpaka Juni, napita nikiyang'oa yakiwa ya urefu wa kidole, nikiacha mawili kwenye shina lililokatwa, baadaye moja.

Nikikuta kisiki kigumu kuamua nakipiga picha kwa simu na kuituma kwenye kundi letu la familia. Aprili iliyopita nilituma kimoja cha ile mibuni kumi na saba, kina machipukizi sita. Mkwe wangu ndiye aliyejibu wa kwanza, akiwa kazini: "Shikamoo mama. Acha la pili kutoka kushoto, limeangalia nje na kitako chake kiko chini. Mengine toa." Nilikuwa nimekwishalifunga hilo hilo kitambaa cheupe, ila kwenye picha kilikuwa kimefichwa na jani.